Mkate wa Pasi

Binti yangu amenunua mashine ya umeme ya kuchomea mkate, yenye taa nyekundu na taa ya kijani, na tangu iingie humu ndani nyumba nzima inanuka siagi. Anapaka siagi ndani, anapaka siagi nje, anaweka jibini kipande juu ya kipande, anaweka ile nyama ya nguruwe ya pakiti, anafunga, anangoja taa. Ukiung'ata, mafuta yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Mimi daktari ameshanikalisha chini kuhusu habari ya mafuta, na nyinyi wa rika langu mnajua, siku hizi tukikutana salamu zetu ni vipimo tu. Kwa hiyo juzi nilimwambia, "Hebu kaa pembeni, nikuonyeshe mkate mwepesi unavyochomwa." Nikaingia stoo, nikatoka na pasi ya mkaa.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama! Unaupiga mkate pasi?"

Ndiyo, naupiga pasi, kuna tatizo gani? Mama yangu mzazi, ambaye sasa anaishi nasi, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Aliposikia kifuniko cha pasi kinagonga, mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nami nikaendelea kutia makaa, maana kuna mambo ambayo mimi na Mama tumezoea kuyapita pembeni.

Tulikuwa Kigoma kwa sababu ya kazi ya Baba. Sisi ni Wapare, na Baba alikuwa mtu wa idara ya maji, akahamishiwa huko, tukapanda treni na magodoro yetu na kuku wawili, tukapanga nyumba Katubuka. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walikuwa wanavuka ziwa, wengine wanateremka milima ya mpakani na masufuria kichwani, na mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Mkaa ukawa adimu, kwa sababu miti yote ya karibu na makambi ilikuwa imeshaingia chini ya masufuria. Ilifika wiki mtu anakwenda kwa jirani na kijiko cha chuma kuomba kaa moja lenye moto, na jirani anakupa huku anakuangalia kama vile umemwomba jino.

Esperansi aliingia kwetu wakati huo. Mama alimkuta kanisani, amekaa benchi la nyuma peke yake, viatu vyake vimefungwa kwa uzi wa katani, akaja naye siku hiyo hiyo. Alitoka Bujumbura. Kule alikuwa mpishi kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, mgahawa wa watu wa mabenki na wazungu. Kwa sheria alitakiwa awe kambini, na mgambo walikuwa wanapita, leo Rusimbi, kesho kwetu, ukitamka neno kwa lafudhi ya ng'ambo unapandishwa gari. Ndiyo maana hakuwa anakwenda hata dukani. Akiulizwa mtu, jibu letu lilikuwa kwamba ni shangazi yetu kutoka Same. Shangazi wa Kipare asiyejua hata neno moja la Kipare! Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ukanyamaza.

Aliyekuwa anajua kuliko wote ni Bi Mwajuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Bi Mwajuma alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na bomba letu la maji lilikuwa moja. Kaka yake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa. Kila Alhamisi Bi Mwajuma alifua kanzu za kaka yake na kuzipiga pasi kwa ajili ya Ijumaa, na mgambo kabla ya kuingia nyumba yoyote walikuwa wanapitia kwa huyo kaka kwanza. Neno moja la Bi Mwajuma lilitosha kumwondoa Esperansi. Mimi mtoto nililijua hilo, sembuse Mama.

Sasa Baba akaanza kuumwa. Tumbo, halafu presha, halafu vyote pamoja. Daktari akamwambia ale chakula chepesi: chumvi kidogo, mafuta hapana, vya kukaanga hapana, mawese asiyaguse kabisa. Kigoma hiyo! Mji ambao hata maharage yanakuja mezani yanaogelea kwenye mawese, na samaki wa mgebuka asipong'aa kwa mafuta mwenye nyumba anaona aibu. Mama akampikia uji, akampikia ndizi za kuchemsha. Baba akawa anasogeza sahani na kusema, "Mama Eliya, nimeshiba," na sahani imejaa. Eliya ni kaka yangu, alikuwa shule ya bweni. Nyumbani nilikuwa mimi tu, nikimwona Baba anatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari.

Esperansi ndiye aliyeuliza. "Papa, zamani ulikuwa unapenda kula nini?"

Baba akacheka kidogo. Akasema alipokuwa kijana kwenye mafunzo Dar es Salaam, walikuwa wakipokea posho wanakwenda hoteli moja kula mkate wa kuchomwa wenye nyama ya nguruwe na jibini ndani. "Tangu nioe sijaula," akasema, "maana huyu mama yenu hajui kuupika."

"Hee! Sasa kosa limekuwa langu?" Mama akasema.

Esperansi akapiga makofi. "Yooo! Hiyo? Hiyo mimi nimeichoma mpaka nikaichukia! Lakini Papa, ile ina mafuta ya kuua mtu. Nitakufanyia nyepesi."

Na akafanya. Nyama ililetwa na muumini mwenzetu kutoka Mwandiga, paja la nguruwe. Esperansi akaliondoa mafuta yote kwa kisu mpaka likabaki jekundu tupu, akalikausha kwa chumvi na moshi, na kabla ya siku ya kula akaliloweka kwenye maji usiku kucha ili chumvi itoke, halafu akalikata vipande vyembamba ambavyo ukiviinua unaona mwanga. Jibini lilikuwa linaletwa na wachuuzi wa maboti kutoka ng'ambo, gumu, la mviringo. Hakulikata vipande. Alitoboa kopo la maziwa ya unga kwa msumari, akalikuna jibini kwenye yale matundu, likatoka unga. Kiganja kimoja cha unga ule kilitosha mkate mzima, na lilinukia kuliko kipande. Mkate ulikuwa lazima uwe wa jana, kwa sababu mkate wa leo haukatiki mwembamba. Nyanya aliitoa mbegu na maji. Akafunga vyote kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, akaweka juu ya ubao, halafu akachukua pasi ya mkaa, akaubana.

Hapo ndipo palikuwa na siri ya wepesi wake. Hakuna siagi, hakuna kikaango. Pasi peke yake. Jani linalia chiii, mvuke unatoka pembeni, jibini linashika nyama na nyama inashika mkate, na ukifungua unakuta mkate una rangi ya kahawia, mkavu, mwembamba kama kadi ya harusi. Harufu yake ilikuwa ya jani, moshi na maziwa. Baba aliula wote siku ile ya kwanza. Akaokota na makombo kwa ncha ya kidole. Mama alitoka nje kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, nikamfuata, nikamkuta analia kwa furaha.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimemsikia daktari akisema chakula chepesi, nikajaribu kuinua pasi kwa mikono miwili nikashindwa. Basi nikaelewa: pasi inaukamua mkate uzito wake wote, uzito unahamia kwenye chuma, na ndiyo maana pasi ni nzito namna ile. Niliionea huruma pasi, kusema kweli. Nilijiuliza siku ikijaa itakuwaje.

Pasi yetu ilikuwa nzee. Lile jogoo dogo la shaba linalofungia kifuniko likang'oka, makaa yakawa yanaruka, Mama akaipeleka kwa fundi. Akaazima ya Bi Mwajuma kwa ajili ya sare zangu za shule. "Kaa nayo tu mwanangu," Bi Mwajuma alimwambia, "Alhamisi nitaifuata." Mama alikuwa mwalimu, alitoka asubuhi akarudi alasiri. Hakufikiria kumwambia Esperansi kwamba hii siyo ile. Na Esperansi naye, mtu wa kuja, aliona pasi imekaa mahali pa pasi, akajua fundi ameshairudisha na jogoo jipya. Akamchomea Baba mkate. Siku mojawapo jani likapasuka.

Alhamisi Bi Mwajuma akaifuata pasi yake. Alasiri tukamsikia.

"Mama Eliya! Njoo hapa!"

Alikuwa amesimama bombani na kanzu nyeupe mpya mikononi. Mgongoni mwa kanzu kulikuwa na alama ya njano yenye umbo la pasi. Aliisogeza puani, akaishusha. "Hii pasi mlikuwa mnapigia nini?"

Esperansi, ambaye hakupaswa hata kuonekana uani, akatoka jikoni akifuta mikono. Hakujua kuficha, huyo. "Bi, ni mkate wa Papa. Nilidhani pasi ni yetu. Ni jibini, na nyama."

"Nyama gani?"

"Ya nguruwe, Bi."

Bi Mwajuma hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama Esperansi, akamtazama Mama, akaikunja kanzu polepole, akachukua pasi yake na kuondoka. Mama akaingia ndani akafunga mlango. "Nitamwambia nini mtu yule? Nitaanzia wapi?" Baba kutoka kitandani akasema, "Anzia kwa kuomba radhi. Nenda sasa hivi." Mama akasema atakwenda, ngoja apoe kidogo.

Hakwenda. Sisi tulichungulia dirishani, mimi na yeye, tukamwona Bi Mwajuma amechuchumaa bombani na pasi. Alichukua udongo mkavu, akakisugua nao kile chuma kote, chini na pembeni na hata jogoo, midomo inasema maneno tusiyoyasikia. Akamwagia maji. Akamwagia tena, na tena, mara saba. Leo najua ni utakaso wa kawaida wa dini yake kwa kitu kilichoguswa na nguruwe. Wakati ule nilidhani anaitoa pasi ule uzito wote iliokuwa imebeba, nikafurahi kwa ajili yake. Mama yeye alishika pazia kwa nguvu. "Anatusomea dua mbaya," alinong'ona. Mwalimu mzima! Lakini hofu haina cheti.

Ijumaa ilikuwa mbaya. Hatukwenda shule, si Mama wala mimi. Mkaa wetu ulikuwa umeisha, pasi yetu haijarudi kutoka kwa fundi, na Mama hakutaka mtu atoke kwenda kuomba moto popote. Baba akakataa uji. Mlango wetu ukashinda umefungwa. Watu walipokuwa wanarudi kutoka msikitini, nikasikia kitu kizito kimewekwa kwenye sakafu ya baraza, halafu kandambili zinaondoka. Hakuna hodi, hakuna salamu.

Mama akafungua. Mlangoni kwetu, katikati kabisa, palikuwa na pasi ya Bi Mwajuma. Na ndani yake makaa yalikuwa mekundu, yanapumua kupitia matundu ya pembeni.

"Mungu wangu," Mama alisema. "Ametuwekea moto mlangoni."

Baba alijiinua kwa kiwiko. "Kamuulize kwanza."

"Nikamuulize nini, Baba Eliya? Hajabisha hodi! Mtu anakuwekea moto mlangoni bila hodi unamuuliza nini? Kaka yake ndiye mwenyekiti. Leo moto, kesho mgambo. Watamchukua huyu binti mbele yetu, na wewe kazi yako itaota mbawa."

"Kamuulize," Baba alirudia. Alikuwa amechoka, akalala.

Mama akachukua jagi la maji akalimwaga ndani ya pasi. Ililia kwa sauti kubwa, mvuke ukajaa baraza lote, majivu yakaturukia miguuni. Halafu akamgeukia Esperansi. Hakumfukuza, nataka mlielewe hilo, alimshika mikono yote miwili. Alimwambia ni bora aende kambini kwa miguu yake kuliko kubebwa na gari la mgambo. Esperansi alisema, "Ego, Mama." Ndiyo, Mama. Hakubisha, alikuwa ameshazoea kuondoka mahali.

Alfajiri tulimsindikiza Mwandiga, pale magari ya bara yanapopita. Alikuwa amejifunga kitenge cha Mama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mihogo na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Aliinama akanishika masikio. "Mwana wanje, mwanangu, usilie. Mkate uwe wa jana, unasikia? Wa leo haukatiki." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Gari likaja, akapanda, akakaa upande wa pili ambako hatukumwona.

Mama alijaribu. Ile ya Bi Mwajuma hakuigusa tena, lakini yetu ilirudi kutoka kwa fundi, akakuna jibini kwenye lile kopo, akafunga jani, akabana. Ukaungua nje na ndani ukabaki baridi. Baba aliung'ata kwa heshima, akauweka chini. Sisemi kwamba mkate ungemponya. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini angekula, jamani, angekuwa anangojea alasiri ifike, kama alivyokuwa anaingojea. Alikufa mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, mwepesi kiasi kwamba mtu mmoja alimbeba.

Bi Mwajuma alikuja msibani kabla ya wote. Miezi hiyo yote Mama alikuwa akimkwepa bombani, akichota maji wakati wa adhana ili wasikutane. Alikuja na ndoo ya uji wa tangawizi, akaketi mkekani, akamshika Mama bega. Walilia pamoja kidogo. Nilikuwa nimelala kwenye mapaja ya Mama, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Na yule binti wa mikate," Bi Mwajuma akauliza, "mbona simwoni? Kaenda wapi?"

"Alikwenda kambini," Mama akasema.

"Kambini? Lini? Kwa nini, na mgonjwa alikuwa anamtegemea?"

Mama akasema, kwa sauti ndogo sana, "Bi Mwajuma, siku ile ya moto..."

"Moto gani?"

"Ulituwekea pasi ya moto mlangoni."

"Ee, nilimletea yule binti," Bi Mwajuma akasema. "Nilikasirika, sikatai, kanzu ilikuwa mpya ile. Nikaiosha pasi, ikatoharika, lakini moyo ukagoma kuirudisha kwenye kanzu ya kaka. Nikasema basi, iwe ya mgonjwa, mimi nitatafuta nyingine. Nikatia na makaa kabisa, maana nilijua mkaa wenu umekwisha na ilikuwa saa yake ya kula. Niliona mmejifungia kwa aibu. Nikasema nisipige hodi nikawaaibisha zaidi, niiache tu hapo wataiona." Akamtazama Mama. "Si mliiona?"

Mama alianza kulia upya, kwa sauti ambayo wanawake wote mkekani waligeuka, na kila mtu akadhani analilia mumewe.

Kabla hatujahama Kigoma, Mama alikwenda kambini, akaenda tena kambi nyingine, akitaja jina moja kwa kila aliyekutana naye. Wapo waliosema alirudi kwao. Wapo waliosema alikuwa anatengeneza mikate chini ya turubai, halafu siku moja hakuonekana. Mama alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Pasi ya fundi aliigawa. Ya Bi Mwajuma tulipanda nayo treni, Mama ameifunga kwenye kanga, ameipakata mwenyewe safari nzima.

Hiyo ndiyo niliyoitoa stoo juzi. Mkate ulikuwa wa jana. Nilikata nyama nikaondoa mafuta, nikakuna jibini, nikakosa jani la mgomba nikatumia karatasi nzito, nikabana. Binti yangu aliacha kucheka alipoonja. "Kumbe hauhitaji siagi," akasema, akachukua kipande cha pili. Nikakiweka kingine kwenye sahani nikampelekea Mama mlangoni.

Alikishika kwa muda mrefu. Akang'ata, akatafuna polepole kwa yale meno yaliyobaki, akiitazama pasi iliyokuwa inapoa juu ya matofali, makaa bado yanaonekana kwenye matundu.

"Yalikuwa mekundu namna hiyo hiyo," akasema. "Nikayamwagia maji. Na baba yako alikuwa hajala."

Akanirudishia sahani, akavuta ungo, akaendelea kuchambua mchele.